Askari wa zimamoto na sabuni isiyokuwa sabuni

Saa tatu kamili asubuhi, moto unawashwa kwa amri. Kwenye uwanja wa mazoezi nyuma ya kituo cha zimamoto, karai kubwa la chuma limejazwa mafuta machafu, na moshi mweusi unapanda kwa heshima zote za kiserikali. Dakika nne baadaye moto umekufa chini ya povu jeupe. Hakuna anayeulilia.

Aliyeshika bomba ni askari anayeitwa Povu hata na mkewe. Jina hilo alilipata wiki yake ya kwanza kazini, miaka thelathini na moja iliyopita, alipoteleza mbele ya mkuu wa kituo na kuibuka mweupe kuanzia utosini hadi viatuni.

Leo hacheki. Analitazama povu likijikokota kuelekea mtaroni.

"Zamani nililiona zuri," anasema. "Sasa nalifuata kwa macho mpaka lipotee."

Linapotelea kwenye kijito, na kijito hicho ndicho kinachojaza mabwawa matatu ya dada yake mkubwa, mjane aliyesomesha watoto wanne kwa kufuga perege.

Kituoni, dawa ya kutengeneza povu haijawahi kuitwa dawa. Ni sabuni. "Sabuni imebaki?" "Punguza sabuni, afande, hatuogi!" Povu aliinawia mikono, akaioshea pikipiki. Miezi minne iliyopita, dada yake alipolalamika kuwa kuta za bwawa la juu zimeota utelezi, alimpelekea madumu mawili ya sabuni hiyo, yaliyopitwa na muda.

"Nilimwambia, dada, hii sabuni ya serikali, inakata kila kitu," anakumbuka. "Ikakata kweli."

Dada alisugua, akasuuza, akafungulia maji na kurudisha samaki. Kufikia asubuhi ya pili, perege elfu moja na mia nne walikuwa wanaelea matumbo juu. Dada akamshukia muuza chakula cha samaki, akidhani chakula ndicho kilichowaua, akamtukana mbele ya wateja wake. Povu alikuwepo. Hakufungua mdomo.

Alinyamaza hivyo siku tisa, mpaka mtaalamu wa maji alipokuja kuchukua sampuli.

"Povu hili huharibu matamvua ya samaki na kuyanyang'anya maji hewa," anaeleza mtaalamu huyo. "Hayo hupita. Lakini dawa hizi za zamani zina kemikali isiyooza. Inakaa kwenye tope, inaingia kwenye nyama ya samaki, na haina haraka ya kuondoka."

Aliikuta hata kwenye bwawa la tatu, ambalo halikuguswa na dumu lolote. Huko ililetwa na kijito, kila wiki, kutoka mazoezini.

Siku ileile sampuli zilipochukuliwa, Povu alimfuata dada yake jikoni.

"Dada, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Ile sabuni. Si sabuni."

"Mdogo wangu, nimemtukana mtoto wa watu mpaka nikamgusia mama yake, na wewe ulikuwa umesimama pale unakunywa chai yangu?"

Alimtuma kwanza akamwombe radhi muuza chakula. Povu alikwenda kwa miguu, akiwa na sare.

Majibu ya vipimo yalipotoka, akawaandikia wakubwa barua: mazoezi yafanywe kwa maji matupu, na mtaro uelekezwe kwenye tangi. Aya ya pili inakiri kwamba yeye mwenyewe alitoa madumu mawili, mali ya serikali. Amebakiza miezi sita kustaafu.

"Mkuu aliniuliza, afande, aya ya pili hii ya nini? Utajichongea. Nikamwambia, bila hiyo nani ataniamini?"

Wiki ya tatu sasa, jibu hakuna. Kilichobadilika ni mapipa ya dawa tu, ambayo Povu ameyaandika kwa rangi nyekundu: SI SABUNI. Wenzake wamefurahi sana. "Povu, tuletee si-sabuni!" wanapiga kelele, na mazoezi yanaendelea.

Dada hauzi tena samaki, na hatauza mpaka vipimo viruhusu. Ameweka vifaranga kumi vya perege ndani ya beseni lenye maji ya bwawa la juu, aone watafika wapi. Povu hupita kuwatazama kila asubuhi kabla ya kazi.

"Nataka barua ijibiwe nikiwa bado na sare," anasema. "Nikishaivua, nitakuwa mzee mwenye malalamiko tu."

Anainama, anapeleka mkono kwenye beseni. Dada anamdaka kifundo cha mkono.

"Umenawa na nini?"

"Maji tu, dada."

"Haya, wahesabu."

Wamebaki watatu.