Utando Mweupe wa Mdogo Wangu

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa dukani, kwetu Ubaruku, bibi mzaa baba aliamini kwamba ule utando mweupe wa mafuta anaozaliwa nao mtoto ni vazi. Unapakwa taratibu mpaka unywewe na mwili, na mtoto haogeshwi hadi kitovu kidondoke. Ukiuosha, marehemu wa ukoo hawamtambui, na wasiomhusu wanapata njia.

Mdogo wangu alizaliwa wakati wa kampeni ya usafi. Kamati ya kijiji ilikuwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Maji tu ndiyo haikuwa nayo. Bwana afya alipita nyumba kwa nyumba, na penye uchafu alipaka mlango rangi nyekundu. Mama aliiogopa rangi hiyo kuliko mizimu. Akawa anamsugua mtoto kwa dodoki na sabuni ya mche, asubuhi na jioni.

“Mama Neema, unamvua mtoto nguo!” bibi alilalamika.

“Bwana afya akija, mama, hao marehemu wenu ndio watakaomjibu?”

“Hawajibu. Wanalinda tu.”

Mlango wetu haukupakwa rangi. Lakini ngozi ya mtoto ilikauka, ikapasuka shingoni na kwapani, ikatunga usaha. Homa ilipozidi tulidandia lori la mpunga kwenda hospitali Mbeya. Alifia njiani, mapajani kwa mama.

Msibani mama hakulia. Alimuuliza bibi jambo moja tu: “Ni sabuni?”

“Sabuni gani? Mtoto kaondoka na mafuta yake. Nimemwosha mimi, nimeyashika.”

Nami nilikuwa nimemshika. Alikuwa mkavu kama pumba.

Siku hizi nasoma kwamba mafuta ya ngozi ni ukuta, tena ni chakula: vijidudu rafiki huyala na kuyageuza asidi inayowafukuza wabaya. Nilipojifungua mwanangu wa kwanza, bango la kliniki lilikataza kumwogesha mtoto mapema, kwa sauti ileile ya amri. Mama alilisoma taratibu, mpaka mwisho. Tulipotoka akaniuliza, “Wewe umesoma. Ndivyo ilivyokuwa?”

“Vidonda vina sababu nyingi, mama.” Na huo ni ukweli.

Akamfunika mjukuu vizuri. “Bibi yako alijua kudanganya kuliko wewe.”

Kumbe miaka yote alijua. Uongo wa bibi haukumficha kitu. Ulimpa tu mahali pa kuegemea.