Edith Birtwistle wa Bungoma

Yusufu, dereva wa kampuni, alisimama uwanja wa ndege wa Doha akiwa ameinua karatasi yenye jina BIRTWISTLE, macho yake yakampita Edith mara tatu. Alikuwa anatafuta mama wa Kizungu. Edith, Mbukusu wa Bungoma mwenye begi lililofungwa kamba, alimwacha ahangaike kidogo kabla ya kumgusa bega. Alishazoea, na tuseme ukweli, jambo hilo lilimfurahisha.

Yusufu alimtazama juu hadi chini, akaitazama tena karatasi yake. "Dada, jina hili umelipata wapi?"

"Nyumbani," Edith akamjibu. "Wewe lako ulilipata wapi?"

Hiyo ni miaka kumi na moja iliyopita, na mpaka leo Yusufu, mtu wa Tanga asiyejua kuacha utani, humwita Malkia.

Edith sasa ana miaka arobaini na minne, na ndiye msimamizi wa usafi wa vyumba vya ghorofa ya tano na ya sita katika hoteli moja ya Al Sadd. Anaishi Al Rayyan na wanawake wenzake watatu wanaomwogopa kidogo kwa sababu ya ukali wake kuhusu usafi wa jikoni. Ijumaa huenda kanisani Mesaimeer, akaimba kwa sauti nene inayowashangaza wageni. Akiingia chumbani na kuutazama mto wa kitandani, atakuambia kama mgeni amelala vizuri au amekesha na mawazo. Hana mume wala mtoto, na ukimuuliza kwa nini, atakujibu kwa adabu kwamba hayo hayakuhusu.

Jina lenyewe lilianza kwa baba yake. Baba huyo alipozaliwa, alitanguliza miguu, na mama yake akabebwa kwa machela hadi hospitali ya misheni. Pale palikuwa na mkunga Mwingereza, mwanamke mrefu mwenye miguu mikubwa, aliyeitwa Sista Birtwistle. Alikaa na mzazi yule usiku na mchana bila kuondoka, akamtoa mtoto mzima na mama mzima. Kwa Wabukusu jina halitolewi ovyo. Wafula ni wa mvua, Simiyu ni wa kiangazi, Wekesa ni wa mavuno, na aliyekutendea jambo kubwa naye hukumbukwa kwa jina. Babu yake Edith hakuwa na ng'ombe wa kumpa yule mama, basi akampa mtoto jina lake. Sista akarudi kwao baada ya miaka michache, hakusikika tena. Mtoto akakua akawa Mzee Birtwistle, ambaye majirani, kwa kuhurumia ndimi zao, humwita Batwisi.

Mzee alipata watoto wawili tu, Edith na Mike. Mike alitaniwa sana shuleni, na alipofika umri wa kuchukua kitambulisho alilitupa jina la baba yake akaandikwa Mike Wekesa.  Edith anamjua baba yake, na anajua kwamba siku ile alikwenda kukaa zizini hadi chakula kikapoa.

Mwaka huu Cheryl, mke wa Mike, alijifungua mtoto wa kiume. Kabla ya huyo alikuwa amezika wawili, wote wachanga. Jumatatu Edith akapiga simu kuwapongeza, kisha akaeleza shida yake bila kuzunguka: mtoto aandikwe kwa jina la babu yake. Yeye Edith hakuzaa, na sasa hazai. Mtoto huyu asipolichukua, jina lingekwisha siku Mzee atakapofumba macho, na Mzee alikuwa na miaka sabini na mitatu na moyo uliochoka.

"Dada, mimi hiyo jina nilishaachana nayo," Mike akasema. "Mama ya Cheryl anataka tumuite Makokha."

Edith alielewa. Makokha ni jina la jalala, hupewa mtoto aliyezaliwa baada ya wenzake kufa, ili kifo kimdharau kimpite. Hakuweza kulibeza.

"Aitwe Makokha, sawa. Nasema la nyuma, la ukoo."

"Na inamaanisha nini? Kila jina kwetu iko na maana. Hiyo yako ni nini? Niambie maana kufikia Ijumaa, nitaandika. Jumamosi naenda kuandikisha cheti."

Edith alikata simu akiwa na furaha kabisa. Aliona kazi ni rahisi: hoteli ilikuwa na Waingereza kumi na wawili wiki ile, na Mwingereza yeyote atajua maana ya jina la Kiingereza, kama vile yeye asivyoweza kukosa maana ya Nafula, Wafula wa kike. Jumanne akamvizia bwana mmoja wa 508 akimpelekea taulo. Bwana akasema hajui. Edith akadhani ni uchovu, akamuuliza basi jina lako wewe lina maana gani. Bwana akafikiri, akasema halina maana, ni jina tu.

Hilo lilimkalia Edith moyoni siku nzima. Aliuliza wengine wanne, wote hivyohivyo. Watu wazima, wenye viatu vizuri, wanatembea duniani bila kujua wanaitwa nini. Aliwaonea huruma kweli, akawazidishia sabuni bafuni.

Jumatano akamkuta bibi wa 614, mwalimu mstaafu aliyekuwa amemfuata mjukuu wake anayefanya kazi Doha. Alipoliona jina kwenye kitambulisho cha Edith alivua miwani. "Hili ni la kwetu kaskazini," akasema, "na hata huko ni adimu. Maisha yangu yote nimefundisha mmoja tu. Niachie mpaka kesho nimuulize kaka yangu."

Alhamisi bibi alimwita, akamkalisha kwenye kiti cha mgeni, jambo ambalo Edith hakulipenda kwa sababu ya kanuni za kazi. Jina lilitoka jimbo la Lankashaya, kwenye kijiji ambacho chenyewe kilishakufa zamani. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa maneno mawili, moja la makinda ya ndege, jingine la mahali vijito viwili vinapoungana. Basi. Mtu aliyeishi pale aliitwa hivyo.

Edith alishukuru, akashuka kwa lifti ya mizigo akiwa amevunjika moyo. Alitegemea jambo la ukuu. Mwokozi, labda, au mwenye mikono ya baraka. Sasa atamwambia nini Mike, aliyeteswa kwa jina hilo miaka minane ya shule? Ndege na maji?

"Malkia, mwambie ni simba wa vita," Yusufu akamshauri jioni ile akimrudisha Al Rayyan. "Nani atafunga safari kwenda kuuliza? Khalas, yamekwisha."

Alijaribu. Usiniambie hakujaribu, alilitamka neno simba mbele ya kioo, akajiona mwongo aliyevimba mashavu. Sista yule alimshika baba yake kwa miguu akamleta duniani. Kumsingizia simba ilikuwa ni kumkosea.

Ijumaa, ibada ilipokwisha Mesaimeer, akatafuta kivuli karibu na ukuta akapiga simu. Mike akaweka sauti wazi ili wote wasikie. Mzee alikuwepo, na Cheryl na mama yake na mtoto. Edith akasema kama alivyoambiwa, bila kuongeza chumvi: ni mahali vijito viwili vinakutana, penye makinda ya ndege. Jina la watu wachache sana.

 Mike akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Dada, makinda tu?"

Kabla Edith hajajibu, sauti ya Cheryl ikasikika, ya chini, karibu na simu.

"Makinda wanakaa hapo? Mpaka watu wakaona waite mahali hivyo?"

"Ndiyo," Edith akasema.

"Mimi wawili waliruka wakaniacha. Huyu amefikisha siku kumi na moja." Mtu akaguna, labda mama yake. "Makokha ibaki, Mama, sijakataa. Lakini Mike, kesho uandike na hiyo."

Mike hakubishana. Alisema, "Haya, nitaandika," na Edith akasikia kwamba amemaanisha. Akakaa chini kwenye saruji na gauni lake la kanisani, akalia mbele ya watu.

Upande wa pili Mzee aliomba apewe mtoto. Kiti kikalia, kanga ikachakarisha simu, kisha Edith akamsikia baba yake akilitamka jina lote, taratibu, kama anavyosema mtu akijitambulisha kwa mgeni.