Tangazo Lililofungwa na Kiherehere

Shangazi yake ndiye aliyembandika jina la Kiherehere tangu utotoni, na jina likamfuata mpaka kazini. Hata akikaa, mguu wake wa kulia hucheza chini ya meza.

Kazi yake ni kuijaribu tovuti ya kliniki kabla wagonjwa hawajaitumia. Anaandika majaribio, kompyuta inabofya yenyewe. Zamani kila jaribio lilijitegemea, na siku kitufe kimoja kilipobadilishwa, majaribio mia na arobaini yalianguka kwa mpigo. Akayarekebisha moja moja huku akilaani. Baada ya hapo kila ukurasa akauandikia klasi yake, yaani pahali pamoja panapojua vitufe vyote vya ukurasa huo. Jaribio likitaka kitu, linaiomba klasi. Kitufe kikihama, yeye anagusa mstari mmoja, basi.

Leo asubuhi majaribio yote yalipita. Bosi akatangaza kwamba kuanzia kesho kliniki inafunga foleni, miadi ni kwa tovuti tu.

Mchana shangazi akapiga simu. "Mwanangu, dawa yangu ya moyo imebaki ya siku moja. Hiyo tovuti yenu niiamini?"

"Iamini, shangazi."

Alipokata simu, mguu ulizidi kucheza. Akaenda kunywa maji, akarudi, akainuka tena. Mwishowe akaifungua klasi ya ukurasa wa miadi, akausoma mstari aliouandika mwenyewe siku ya haraka zake: tangazo lolote likijitokeza kwenye skrini, bofya "Sawa", endelea. Aliuweka kwa ajili ya tangazo la kuwakaribisha wageni, lililokuwa likimsumbua. Lakini "Miadi haikupokelewa" nalo ni tangazo. Klasi ilikuwa ikilifunga kimyakimya, na kila jaribio lililopitia hapo likasema mambo shwari.

Aibu ikamshika. Akaufuta mstari, akayaendesha majaribio upya. Thelathini na nane yakaanguka.

"Si ulisema yamepita?" bosi akauliza.

"Nilisema. Kosa ni langu."

Bosi akaitazama skrini, akaguna, kisha akaipigia simu kliniki: wasifunge foleni kwanza.

Kiherehere naye akampigia shangazi. "Kesho kapange foleni, mapema."

"Kwani si umeniambia niiamini tovuti?"

"Nilikuambia kabla sijaangalia vizuri, shangazi."

"Haya. Nitakwenda alfajiri."