Alhamisi Niliyoiruka

Mimi siyo mtu wa kusema. Darasani mwalimu akiniuliza swali ninalolijua, jibu linafika kooni linakaa hapo hapo, mpaka aliye nyuma yangu analisema yeye. Ndiyo maana naandika. Nyuma ya daftari langu la fizikia, kuanzia ukurasa wa mwisho nikirudi mbele, naandika mambo ya siku: nani kanuna, mvua imenyesha saa ngapi, tumekula nini. Sikujua kwamba iko siku daftari hilo litahitajika gereji.

Naishi Mabawa kwa babu, mzaa baba. Shangazi anakodisha masufuria, sahani na maturubai ya shughuli, na babu ndiye anayevipeleka kwa pikapu yake, harusi huku, msiba kule. Asubuhi ananishusha shule. Jumamosi tunakwenda wote, mimi kazi yangu kuhakikisha vifuniko vyote vimerudi. Babu ameendesha malori ya mkonge tangu baba yangu hajazaliwa. Nimepewa jina la marehemu mke wake, basi ananiita bibi. Ndani ya pikapu hatuongei sana. Yeye hapendi kelele akishika usukani, na mimi sina kelele za kutoa.

Taa ilianza kuwaka baada ya Idi. Ni taa ndogo ya njano kwenye dashibodi, ina herufi tatu, ABS. Babu aliniambia ni mtambo wa kuzuia matairi yasijifunge ukikanyaga breki ghafla kwenye utelezi, na kwamba yeye kafika umri huu bila huo mtambo. Fundi wa kwanza alifuta sensa ya tairi la mbele, kile kifaa kinachopima mzunguko wa tairi, kwa kitambaa, kisha akabandika utepe mweusi juu ya taa. Alimwambia babu asiwe anaitazama tazama, itampandisha presha bure. Babu alicheka. Tulipofika nyumbani niliubandua ule utepe kwa ukucha, maana mimi ndiye ninayekaa nikiitazama.

Ubaya wa kwanza ulitokea Pongwe. Tulikuwa tunarudi na masufuria ya harusi, jua la saa saba. Lori lililokuwa mbele likapunguza mwendo, babu akakanyaga breki, na pedali ikaanza kutetemeka chini ya kiatu chake. Niliisikia mpaka kwenye kiti changu, kama mtu anasaga kokoto. Pikapu haikusimama pale ilipotakiwa. Ilijivuta mbele hatua nne tano, masufuria nyuma yakagongana, na tukasimama karibu na lori kiasi kwamba ningeweza kuhesabu misumari ya bodi lake. Babu alibaki ameushika usukani kwa mikono miwili.

"Gari limeota kiburi hili," akasema.

Niliandika. Wiki moja baadaye ikatokea tena njia ya Muheza, mchana vile vile, nikaandika tena.

Halafu kuna Alhamisi. Hii sikumwambia mtu. Babu alikuwa ananipeleka shule, tunapita Makorora, asubuhi bado kuna ubaridi. Taa haikuwaka. Pedali haikutetemeka. Mama mmoja wa vitumbua alikuwa anavuka na beseni kichwani, na babu alikuwa anatazama mbele, sawasawa kule aliko yule mama, na mguu wake haukuondoka kwenye mafuta. Nikasema, "Babu." Kwa mara moja maishani mwangu sauti ilitoka kabla sijaifikiria. Akakata usukani. Beseni lilianguka, yule mama hakuanguka. Babu alishuka, akamwomba radhi, akainama naye kuokota vitumbua vilivyojaa mchanga, akiokota kimoja kimoja kama vinaliwa bado. Akarudi kwenye gari, akanipeleka shule. Usiku niliandika: Alhamisi, Makorora, asubuhi, taa haijawaka, breki nzima. Babu hakumwona.

Shule zikafungwa Ijumaa. Jumamosi mchana tulipeleka maturubai kwenye msiba. Tukiingia getini, mwendo wa kobe, taa ikiwa imewaka, pedali ikatetemeka, gari likaendelea kutambaa mpaka likaigonga nguzo ya geti. Nguzo ikapasuka. Watu waliokuwa wamekaa mkekani waliinuka. Habari zilimfikia baba mdogo kabla sisi hatujafika nyumbani.

Baba mdogo ni mdogo wake baba yangu, na kwa kuwa wazazi wangu wako Dar, yeye ndiye mwanaume mkubwa hapa baada ya babu. Alikuja Jumapili baada ya alasiri. Alimwamkia babu shikamoo mara mbili, nikajua hajaja na jema. Alizunguka sana, akasifu chai, akauliza afya, mwishowe akasema macho ya babu si yale, na miguu si ile, na kwamba pikapu ataiendesha yeye kabla ya kwenda kazini kwake.

"Baba, jana ni nguzo," alisema. "Kesho itakuwa mtoto wa mtu."

Shangazi alitazama mkeka. Babu alikuwa ameshika funguo, anazigeuza geuza kidoleni.

"Nguzo nimegonga, sikatai. Lakini breki nilikanyaga. Tulipeleke gari kwa fundi mwenye mashine. Akisema bovu, mniache nitafute riziki yangu. Akisema gari ni zima, funguo hizi hapa, chukua."

Mimi nilikuwa namimina chai. Nilitaka kusema kwamba lile tetemeko nimelisikia mwenyewe, mara tatu. Jibu likafika kooni. Lakini nyuma yake ilikuwepo Alhamisi imesimama, na nilihisi nikifungua mdomo zitatoka zote mbili. Nikamimina chai mpaka ikafurika kwenye kisosi.

Jumatatu asubuhi tulikwenda kwa fundi umeme wa magari, kijana mwembamba anayepima kwa mashine ya kuchomeka chini ya usukani. Babu, baba mdogo, na mimi niliyebeba chupa ya maji na mkoba wangu. Fundi alimwamkia babu, akachomeka, akasubiri. Mashine haikuonyesha kasoro ya wakati ule. Akaendesha mpaka barabarani akarudi, breki zikakamata vizuri. Niliona jicho la baba mdogo likienda kwenye mkono wa babu wenye funguo. Hapo nilichoka. Nilichoka kabisa, kama nimetembea kutoka Horohoro mpakani.

Fundi akasema ugonjwa wa kuja na kuondoka haukamatwi mpaka ujue unakuja saa ngapi. Akamuuliza babu ilikuwa lini na lini.

"Mchana," babu alisema. Halafu, "Au asubuhi. Sikumbuki, mwanangu."

Lile "sikumbuki" baba mdogo alilisikia, na mimi nikaona amelisikia. Mkono wangu ukaingia kwenye mkoba wenyewe. Nilitoa daftari nikalifungua kwa nyuma, nikaanza kusoma, na hakuna aliyenisikia.

"Ongeza sauti, dada," fundi akasema. "Hapa watu wanagonga bodi, siyo maktaba."

Nikasoma. Pongwe, saa saba, jua kali, taa imewaka, pedali imetetemeka. Njia ya Muheza, saa nane kasoro, taa, pedali. Jumamosi, msibani, saa sita na nusu, taa, pedali. Kati ya Muheza na msibani kulikuwa na mistari miwili ya Alhamisi. Kidole changu kilikuwa juu yake. Nilikisogeza, nikaruka.

"Zote mchana," fundi akasema. "Zote likishapata moto. Kumbe tunalipima likiwa limelala."

Basi tukasubiri jua. Saa sita akapanda na mashine yake ikiwa imechomekwa, babu akaendesha, mimi na baba mdogo tukakaa nyuma kwenye bodi kama mizigo. Tulifika Pongwe, tukageuza. Tulipokaribia kurudi mjini fundi alitoa mkono dirishani akatuonyesha kidole gumba: taa imewaka. Gereji alifungua boneti, akapima sensa za matairi yote manne kwa kipimo chake, akapima waya, akapima umeme unaoingia. Vyote vizuri. Mashine ilikuwa inasema haisikii tena jibu kutoka kwenye boksi.

Boksi lenyewe ni dogo, kama kipande cha mche wa sabuni, limefungwa ubavuni mwa pampu ya ABS karibu na injini. Ndiyo akili ya ule mtambo. Fundi alieleza kwamba ndani kuna risasi ya kulehemu iliyounganisha nyaya, nayo imepata ufa mwembamba kuliko unywele. Likipoa panagusana, likipata moto panaachana, na kabla halijazima kabisa linababaika, linadhani tairi limejifunga, linaachia breki.

"Kwa hiyo baba hakukosea," baba mdogo alisema.

"Mzee alikanyaga. Boksi likaachia."

Babu hakunitazama. Nilidhani atanitazama kwa furaha, na nilishukuru hakunitazama.

Boksi lingine lilipatikana Mombasa, kwenye pikapu iliyokatwa ili iuzwe vipande vipande. Mtu wa spea alilileta, na namba zake zilifanana zote isipokuwa herufi ya mwisho. Fundi alilijaribu, mashine ikalikataa. Likarudishwa, tukaanza kungoja upya. Siku kumi na mbili. Shangazi alikodi guta la kusukuma, mkokoteni wa kubebea masufuria, na mimi nilitembea nyuma ya guta nikishikilia vifuniko visianguke, jua la utosi. Babu alikaa barazani na funguo za gari ambalo halipo. Kila nilipopita aliniuliza, "Bibi, umechoka?" Nasema hapana. Nilikuwa nimechoka, lakini si kwa guta. Nilikuwa nimebeba ile mistari miwili kila mahali, hata kwenye swala nilikuwa naisoma yenyewe badala ya sura.

La pili lilipofika namba zilikuwa sawa mpaka herufi ya mwisho. Fundi alitoa waya wa betri kwanza. Akachomoa plagi kubwa ya boksi, akafungua skrubu sita ndogo zenye kichwa cha nyota, akalibandua boksi kwenye pampu taratibu. Alisema uzuri wake ni kwamba mabomba hayafunguliwi, hata tone la mafuta ya breki halimwagiki. Akafuta mahali pake, akafunga lile lingine, akarudisha plagi na betri, kisha akakaa na mashine kitambo kirefu akilitambulisha boksi kwa gari. Babu alipowasha, taa ya njano ilitokea, ikahesabu moja mbili tatu, ikazima. Ndivyo inavyotakiwa. Waliliendesha mchana kutwa, likapata moto, wakakanyaga breki kwa nguvu kwenye mchanga wa nyuma ya gereji. Lilisimama kila mara.

"Gari zima sasa," fundi akasema.

Baba mdogo alimshika babu mkono kwa mikono yake miwili, akasema amemkosea. Babu alimwambia hajamkosea, atangulie nyumbani.

Tukarudi wawili. Babu alipitia Makorora, ambako si njia fupi. Alienda polepole, na mahali pale pale alisimamisha gari pembeni, akazima injini. Yule mama hakuwepo, ni saa ya jioni, vitumbua huisha asubuhi.

"Hapa hukupasoma," babu akasema.

Nilitazama mkoba mapajani.

"Nilikuwa nasubiri upasome. Nikasema, bibi atapasoma, basi yatakuwa yameisha. Ulivyoruka nikafurahi." Akapangusa usukani kwa kiganja. "Siku kumi na mbili nimekaa barazani nafurahi, bibi, na sijapata usingizi. Nisomee."

Daftari lilikuwa mkobani. Nilisoma mpaka "Babu hakumwona." Sauti ilitoka sawasawa, labda kwa sababu hapakuwa na mtu wa kugonga bodi. Babu alitikisa kichwa kama mtu anayesomewa dawa anayoijua.

"Umeandika vizuri," akasema, akawasha gari.

Baba mdogo alikuwa barazani na shangazi. Babu alifunga mlango wa pikapu, akamwekea funguo kiganjani. Baba mdogo alidhani ni mzaha, akataka kuzirudisha.

"Tulikubaliana nini?" babu akamuuliza. "Fundi kasema gari ni zima. Chukua."

Akaingia ndani kutawadha. Baba mdogo alinitazama mimi, nikaenda kumtekea babu maji.

Shule zimefunguliwa. Baba mdogo ndiye anayenipeleka, na babu bado anakuja, anakaa kushoto dirishani, mimi katikati. Baba mdogo anaongea njia nzima. Babu anatazama mbele. Tukikaribia kila njia panda nauona mguu wake wa kulia ukikanyaga sakafu, mapema kabla baba mdogo hajakanyaga, halafu unaachia.