Mbaazi za Mama Mkwe

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka nacheka peke yangu mpaka wajukuu wanauliza, "Babu, kuna nini?" Juzi nilikuona pale Rahaleo umesimama bega kwa bega na mama mkwe wako, mnapiga picha ya simu. Usinune, sikulaumu. Ila kaa kidogo nikwambie sisi tuliishije na wakwe.

Nilikuwa nimemposa Somoe, huyu bibi yenu. Wazee wa kwao walishakubali, lakini mama yake alikuwa hajatamka neno, na mama asipotamka hakuna harusi. Tena tangu posa ilipopelekwa, mimi na mama huyo hatukutakiwa kukutana uso kwa uso. Ukimwona mkweo njiani, unapinda kichakani. Kwetu Ziwani vichaka havikuwa haba. Sasa sokoni Mikindani utapinda wapi?

Mjomba alinipeleka huko kununua kanga. Mtaa ule wa kale ni mwembamba, nyumba za mawe huku na huku, na katikati mihogo, samaki wa kukaanga, korosho za moto, na wauzaji wanaoita kila mpita njia "mteja wangu". Nilikuwa na raha zangu. Mara namwona Mama Somoe anakuja, beseni la mbaazi kichwani! Niliruka ndani ya duka la Mzee Gulamu, Mhindi mwuza vitambaa aliyezaliwa mtaa uleule, nikajibanza nyuma ya majora.

"Umeiba au umeibiwa?" akaniuliza.

"Mkwe wangu yuko nje."

"Aa! Basi jibanze vizuri, mguu unaonekana."

Hapo hapo nikasikia kishindo. Mkokoteni wa chumvi ulikuwa umempamia Mama Somoe. Yeye hakuumia, lakini beseni lilikuwa chini na mbaazi zimetapakaa mtaa mzima. Ndiyo mavuno aliyokuja kuuza. Watu wanakanyaga, kuku wanakuja mbio, na mimi niko nyuma ya majora najisifu moyoni kwamba nina adabu.

Mjomba akaingia. "Toka."

"Mjomba, ni mkwe!"

"Naona ni mkwe. Na kuku wanaona ni mbaazi. Heshima yako umeiweka miguuni, ndiyo maana inajua kukimbia tu. Ilete mikononi."

Maneno yale yaliniingia. Nikatoka kichwa chini, nikapiga magoti na kumpa mama mgongo. Naye akajitanda kanga, akageukia ukuta. Nikafukuza kuku, nikaanza kuzoa kwa viganja. Watu walipoona mkwe anazoa, nao wakainama. Mzee Gulamu akaja kusimama kati yetu, maana mila zetu alizijua kuliko baadhi yetu.

"Mzee Gulamu," mama akasema na ukuta, "mwambie huyo kijana zenye mchanga aziweke kando, nitazipepeta."

"Mwambie mama nimesikia," nikasema na ardhi.

Gulamu akarudia yote neno kwa neno, kwa sauti kubwa, utadhani sote viziwi. Mtaa ukacheka, na mama nikamsikia anacheka ndani ya kanga.

Beseni lilipojaa Gulamu akamtwika. Hapo ndipo woga uliponishika, kwa kuwa nilikuwa nimemkaribia mkwe mbele ya soko zima, na neno lake bado analo yeye. Akapiga hatua, kisha akasimama.

"Mwambie mkwe wangu," akasema, "harusi ni baada ya kuvuna korosho."

Gulamu akafungua mdomo arudie. Nikamwambia hakuna haja. Machozi yalinitoka, mwanangu, sikuona hata kanga tulizonunua baadaye.

Sikwambii uache mila, mwacha mila ni mtumwa. Wala sikwambii umkimbie mkweo, hayo yalikuwa ya zama zetu. Ninalokuusia ni hili: uungwana ni vitendo. Ukitaka kumheshimu mtu, tazama kwanza anahitaji nini, kisha umtendee kwa namna isiyomwaibisha. Adabu inayomwacha mwenzako kwenye shida ni woga tu.

Nenda, mwanangu. Mungu akudumishie wakwe wenye kucheka, akujaze huruma, na siku ukiangukiwa na zito barabarani, asikukose mtu wa kuinama. Amina.