Siku Niliyoomba Maumivu Yarudi

Siku yangu ya kwanza kama muuguzi wa usingizi, katika hospitali moja ya Mbulu, sikupewa hata kiti. Mganga Mfawidhi, mkuu wetu, alinipeleka moja kwa moja kwa mzee wa Dongobesh aliyevunjika nyonga. "Sista, maumivu hayangoji chumba cha upasuaji," aliniambia. "Na wewe usingoje." Akanionyesha: unapapasa kinena mpaka usikie mapigo ya mshipa wa damu, unasogea pembeni kidogo, unachoma taratibu. Sindano ikipenya utando, mkono unahisi. Hapo unamimina dawa ya ganzi karibu na mshipa wa fahamu. Mguu unatulia, mgonjwa yu macho. Enzi hizo za soko huria maduka ya dawa yaliota kila kona, ila ganzi yetu tuliitunza kama mbegu.

Mkoa wa Manyara ulipozaliwa nikahamishiwa Hanang. Huko aliletwa bibi mmoja wa wafugaji wa tambarare, amelazwa juu ya ngozi ya ng'ombe, nyonga imevunjika. Bingwa wa mifupa angefika kesho yake. Wanawe walikaa nje chini ya dirisha wakimsikiliza akiugulia. Kwao ile sauti ndiyo habari kwamba mama yupo. Mimi sikujua. Nikachoma ganzi, bibi akanyamaza, wodi nzima ikapoa.

Mwana mkubwa akaingia na fimbo yake. "Mmemnyamazisha! Mama ameanza safari. Tunamrudisha afie nyumbani."

"We baba, tulia! Si mzima huyu, macho yake yako wazi?"

Kweli yalikuwa wazi, lakini hakututazama sisi. Alitazama miguuni pake akitabasamu, akasema neno kwa lugha yao. Mwanawe akashusha fimbo.

"Anasemaje?"

"Anasema baba ameushika mguu wake. Mikono yake ni ya baridi."

Baba yao alizikwa mwana huyo hajaota ndevu. Najua ganzi huleta ubaridi, nimesomea. Lakini lo! Godoro upande wa miguuni lilikuwa limebonyea, na hapakuwa na mtu.

Nilijua akirudishwa na mfupa ule hatainuka tena; vidonda vya mgongo vitammaliza. Nikamsihi mwanawe. Akafikiri, akasema, "Unasema ni dawa, itaisha. Maumivu yakirudi kabla jua halijazama, mama bado ni wetu. Yasiporudi, tunaondoka naye."

Basi mimi, niliyeajiriwa kufukuza maumivu, nikakaa pembeni ya kitanda nikimwomba Mungu ayarudishe. Niliogopa, sifichi. Jua lilikuwa linazama bibi alipokunja uso, akapiga ukelele. Nje wanawe wakacheka kwa furaha. Bibi akanigeukia kwa hasira, na mwanawe akanitafsiria: "Anasema umemfukuza baba."

Kwa ruhusa yao nikamchoma tena. Safari hii alilala tu, miguuni hakutazama. Alipasuliwa, akapona, akatembea. Siku ya kuondoka nilimwamkia, "Shikamoo bibi." Hakuitikia.

Sasa nimestaafu, naishi Nambis, na mume wangu nimemzika. Ninyi vijana mna mashine zinazowaonyesha sindano ilipofika, hongereni. Nikivunjika nyonga, nichomeni ganzi mapema. Na mkiniona naongea na mtu miguuni pangu, jamani, msimfukuze.