Mtani Aliyetambaa Barazani

Nassibu alikuwa Mzaramo, na katika Shinyanga ya miaka ile hilo peke yake lilimpa kazi. Wazaramo na Wasukuma ni watani tangu enzi za misafara. Wengine walipopiga magoti mbele ya Mtemi Maganga, yeye alimuuliza kitambi kile kina mimba ya miezi mingapi. Mtemi alicheka, na baraza zima likapata ruhusa ya kucheka. Ukitokea msiba ikuluni, Nassibu alijilaza kaburini kabla ya maiti na kukataa kutoka mpaka apewe kuku.

Lakini kila mtani anaujua mpaka wake. Amri ya mtemi haitaniwi.

Nassibu alifika huko akiwa mtoto, mgongoni mwa baba yake mpagazi, akiharisha damu. Msafara haukungoja. Limi, bibi harusi mgeni wakati huo, akamchukua na kumnywesha maziwa ya ng'ombe wake mmoja mpaka macho yakarudi mahali pake. Baba hakurudi tena. Tangu hapo Nassibu alimwita Limi mayu, yaani mama, na hakuna siku aliyomtania.

Mwaka mmoja bwana mifugo wa Kizungu alimwona Nassibu barazani akacheka mpaka machozi. Akasimulia kuwa zamani wafalme wa Ulaya nao walikuwa na mtu wa namna hiyo, mwenye kofia ya masikio ya punda na njuga zinazolia. Alikula mezani kwa mfalme, lakini alilala na mbwa. Yeye peke yake alimwambia mfalme yale yaliyowakwama wakubwa kooni, na akizidisha alichapwa. Nassibu akauliza kama mtu huyo alikuwa mtani wa mfalme. Akajibiwa hapana, aliwekwa tu. Alimwonea huruma sana mchekeshaji yule asiye na kabila la kumkinga mgongo.

Ukaja ukame. Mtemi akafunga ngitili, ile mbuga ya majani yanayotunzwa kwa kiangazi, akisema haiguswi na mtu mpaka atakapotamka. Watu wakatii. Kumbe kila alfajiri ng'ombe wa Mtemi walikuwa humo. Kila mtu alijua, na kila mtu alitazama pembeni. Ng'ombe wa Limi, kizazi cha yule wa zamani, akaanguka. Majirani wakamwinua kwa magogo, akaanguka tena. Limi hakulalamika. Alikaa tu, akimpapasa shingo.

Nassibu hakuweza kuvumilia. Akaazima njuga kwa wacheza ngoma, akazifunga shingoni, akaingia barazani akitambaa kwa magoti na mikono. Akalia kama ndama, akanusa viganja vya Mtemi.

"Mtani, umekuwaje?" Mtemi akauliza.

"Leo mimi si mtani. Ni ng'ombe wako, Mtemi. Nimesikia ng'ombe wako peke yao ndio hawakuambiwa amri, nami nina njaa."

Hakucheka mtu. Askari wa baraza akashika kiboko. Nassibu akamkumbuka yule wa Ulaya, akainamisha kichwa na kungoja.

Mtemi aliwatazama wazee wake mmoja mmoja, na wote wakatazama chini. Hapo akajua kuwa wote walijua.

"Ng'ombe huyu amekonda," akasema mwishowe. "Ana mama?"

"Anaye. Mayu Limi."

"Wangu watoke leo. Waingie waliokonda, wa Limi atangulie. Na huyu apigwe kimoja, maana ng'ombe haingii barazani."

Akapigwa kimoja, na kilimwingia vizuri.

Mvua ziliponyesha, Limi alimpaka samli kwenye lile kovu, samli ya ng'ombe yule yule, akampa kibuyu cha maziwa. Akamshukuru, akimwita mwanangu. Nassibu alikuwa akidaiwa shukrani hii tangu utotoni, na sasa mama ndiye aliyetangulia kuitoa.

"Wabeja, mayu," akamwambia kwa Kisukuma. "Asante." Akanywa, huku akilia bila kujificha.